Ubao Usiopigwa Msumari

Kajiado, bwenini
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mjengo unaendelea. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Nimempa Isaac barua hii kwa sababu lori lake la mchanga hupita hapa likija huko Kitengela, kwa sababu shuleni haturuhusiwi simu, na kwa sababu ukipigiwa simu juu ya jambo hili wewe hukata.

Shangazi Phylis anasema alikueleza yale tuliyoambiwa hospitalini kabla shule ifunguliwe, ukamjibu, "Tutaona." Sasa nakueleza mimi, polepole.

Nilipoanguka kutoka juu ya mbao za saiti yako mwezi uliopita, mguu haukuteguka kama ulivyowaambia majirani. Unajua ile ncha nyeupe, laini, kwenye mfupa wa paja la kuku? Inaitwa gegedu. Mimi pia niko nayo ndani ya goti. Kipande chake kilibanduka pamoja na mfupa ulio chini yake, na sasa kuna shimo la ukubwa wa kizibo cha soda. Mfupa unaweza kujijenga kidogo. Gegedu haiwezi, kwa sababu haina mishipa ya damu. Shimo likiachwa, kingo zake zitaendelea kumomonyoka, na nikifika umri wa Shangazi nitakuwa natembea kama mzee wa miaka tisini.

Daktari Wathome anataka kuweka kiunzi, yaani skafoldi ndogo, ndani ya shimo. Ni kitu kama sponji, chenye tabaka mbili. Ya chini imetengenezwa kwa madini yaleyale ya mfupa, na ya juu kwa protini inayotoka kwa ng'ombe. Kina vitundu vidogo sana. Damu kutoka ndani ya mfupa inaingia kwenye vitundu, chembe hai zinapanda humo kama mafundi wako wanavyopanda asubuhi, na zinajenga. Zikimaliza, kiunzi kinayeyuka na kubaki mfupa na gegedu yangu mwenyewe.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba hakina msumari wala skrubu. Kinachongwa sawasawa na shimo, kinasukumwa ndani, basi.

Gharama inabebwa na mradi wa hospitali. Kinachokosekana ni sahihi yako tu, kwa sababu niko na miaka kumi na sita. Fomu iko ndani ya bahasha. Nafasi yangu ni Agosti, tukifunga.

Binti yako,
Nduta

*

Kitengela
18 Mei 2025

Nduta,

Salamu zako nimepata. Hapa tuko sawa, mvua tu ndiyo imetusumbua, slabu ya juu bado haijamwagwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu umeniandikia kama mwalimu mkuu. Jibu ni hapana.

Kwanza, uko Kajiado mwaka wa tatu sasa, ng'ombe wanapita hadi kwa uwanja wenu wa netiboli, na bado unataka niweke sahihi uwekewe ng'ombe wa hospitali? Siku utalia moo darasani usiseme ni babako alikubali.

Pili, huo mwili ulipewa na Mungu, na pasta sijamsikia hata siku moja akihubiri juu ya sponji.

Tatu, mimi ni mjenzi. Skafoldi inakaa nje ya nyumba na kazi ikiisha inashushwa. Fundi akiniambia ataacha skafoldi ndani ya ukuta wa mtu, namwambia achukue nyundo yake aende kwao.

Nne, na hii ndiyo kubwa. Nilikuambia usipande. Nilimtuma fundi wangu Ouko akuambie, na akakuambia. Katika Kitengela yote hukuona mahali pa kusomea kitabu isipokuwa juu ya mbao zangu?

Nyanya yako, huyo uko na jina lake, alivunjika mkono akiwa shambani na hakuona daktari. Mkono ulijiunga. Na mguu wako utajiunga. Pumzika, usome.

Babako,
Hiram

*

Kajiado
25 Mei 2025

Kwa Baba,

Sikuulizi hali yako. Najua u mzima, una magoti mawili.

Nyanya alivunjika mkono, na mkono si gegedu. Nilikueleza tofauti. Hukusoma mara mbili, au ulisoma ukitafuta mahali pa kucheka.

Kuhusu ng'ombe: hiyo protini imesafishwa mpaka hakuna ng'ombe aliyebaki ndani yake. Na wewe kila Jumamosi hula mutura pale stejini bila kumuuliza muuzaji imetoka mnyama gani. Sijawahi kukusikia ukilia moo. Kuhusu pasta: ana meno ya bandia, na hutumia hayohayo kuhubiri.

Unasema nilipanda. Ndiyo, nilipanda. Mama alipokuwa hai nyumba yetu ilikuwa na kimya. Sasa upande mmoja kuna kanisa lenye spika mbili na upande mwingine kuna mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti tangu asubuhi. Kule juu ya mjengo kulikuwa na upepo tu. Na nilikuwa nakuona chini ukipima kuta. Nilipenda kukuona ukipima kuta. Sipendi tena.

Lakini, Baba, ubao ni wa kubeba mtu. Nilipokuwa nimelala chini nikingoja mje, ubao ulikuwa umelala kando yangu, na niliutazama kwa muda mrefu kwa sababu sikuweza kutazama mguu. Haukuwa na tundu hata moja la msumari. Uliwekwa tu juu ya miti, kama mtu anavyoweka kijiko juu ya kikombe.

Mwenye mbao ni nani?

Fomu nyingine ninayo. Ukiipoteza hiyo ya kwanza nitatuma hii, na ukiipoteza hii nitaomba ya tatu.

Nduta Kiama,
Kidato cha Tatu

*

Kitengela
31 Mei 2025

Nduta,

Hapa ni salama.

Usiniandikie tena maneno ya misumari. Kazi yangu hukunifundisha wewe.

Siku ya wazazi ni tarehe kumi na tano. Nitakuja. Hiyo fomu haiji. Tutakaa kwa nyasi, tule, tuongee kama watu.

Hiram Kiama

*

Kitengela
16 Juni 2025

Wewe Nduta,

Mimi ni mzima, kama unauliza, na najua huulizi.

Jana nilikuja. Jumapili sifanyi kazi, lakini Jumamosi pia nilifunga saiti nusu siku, nikapika. Mimi, Hiram, nilisimama jikoni nikasukuma chapati. Ziliharibika kingo, lakini zilikuwa chapati. Nikachoma na kuku.

Nilifika kwa geti lenu mapema. Yule soja, Lemein, aliita jina lako. Akatuma msichana, msichana akarudi akasema hayuko. Akatumwa mwingine, akasema analala. Wazazi wengine wote walikuwa wamekaa kwa nyasi na watoto wao, wanafungua hotipoti, wanapiga picha. Mimi nilisimama na karai la chakula kama mtu wa kuuza.

Nilikuona, Nduta. Dirisha la pili kutoka mwisho. Ulikuwa umesimama na kitabu. Ulinitazama, kisha ukafungua ukurasa.

Lemein aliniuliza kwa heshima kama wewe ni mtoto wa ndugu yangu. Nikampa karai. Kuku aliliwa na yeye. Alisema ilikuwa na chumvi ya kutosha, na akaniombea njia njema kwa Kimaasai. Huyo ndiye mtu niliyetembelea jana.

Mamako angekuwa hai ungeshuka hizo ngazi.

Sasa unisikie vizuri. Mtoto ambaye hawezi kuteremka kusalimia babake hawezi kuniomba sahihi.

H. Kiama

*

Kajiado, chumba cha wagonjwa
6 Julai 2025

Kwa Baba,

Salamu. Nimekaa majuma matatu bila kukujibu kwa sababu kila nikianza barua ilikuwa na matusi, nami sijui kutukana vizuri. Nilizichana.

Ninaandika nikiwa nimelala. Jumatano nilikuwa nabeba vikombe vya kemia, goti likajifunga. Halikuuma kwanza. Lilikataa tu kukunjuka, kama mlango uliobanwa na kokoto. Nikaanguka mbele ya darasa zima. Msichana mmoja alisema, "Ameanza tena drama." Metron wa bweni alimpigia Shangazi, Shangazi akanipeleka hospitalini. Kipande kilichobanduka kimehama, na shimo limepanuka. Daktari Wathome amesema kiunzi bado kitatosha mwezi wa Agosti. Baada ya hapo hawezi kuahidi. Alimwambia Shangazi akidhani sisikii: "Mwakani tutakuwa tunazungumza juu ya mambo mengine, na kwa umri wake sitaki kuyazungumza."

Ndiyo, nilikuona siku ya wazazi. Sikushuka. Uliandika kwamba fomu haiji, kwa hivyo na mimi sikuja. Ulitaka tuongee kama watu, lakini wewe huongei, Baba. Wewe husema hapana, kisha unachinja kuku.

Ng'ombe si sababu. Pasta si sababu, Shangazi alimuuliza na akasema hata yeye angetaka kiunzi kwa mgongo wake. Wewe si mtu wa kuogopa vitu visivyokuwepo. Nimekujua maisha yangu yote.

Niandikie sababu moja ya kweli. Hata ikiwa mbaya. Hata ikiwa ni kwamba hunipendi tangu nianguke, kwa sababu nimekuletea maneno ya watu saiti. Andika hiyo basi, niache kungoja.

Nduta

*

Kitengela
10 Julai 2025

Nduta,

Nimepata barua. Isaac ameniambia alikuona kwa dirisha la wagonjwa na umekonda. Kula.

Umesoma vitabu vyote vya hiyo shule lakini barua yako mwenyewe hukuisoma. Niko nayo hapa. Tarehe kumi na moja Mei. Umeandika, "hakina msumari wala skrubu." Umeandika kwamba hiyo ndiyo imekufurahisha. Kinasukumwa ndani, basi.

Sasa nikuambie kitu juu ya kazi, kwa sababu umeniuliza mwenye mbao ni nani. Kwetu saiti ubao wa kusimamia unahama. Leo uko hapa, kesho unapandishwa juu na ukuta. Ubao wa kuhamishwa haupigwi msumari. Ukipigilia, kesho unapoteza muda kung'oa, na mbao zinapasuka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nimewafundisha wote. Fundi anajua kukanyaga katikati, juu ya mti. Mtu wa vitabu anakanyaga mwisho.

Siku hiyo nilikuwa nimeinama na futi kamba. Sikusikia sauti yako. Nilisikia ubao.

Sasa unaniletea karatasi niandike jina langu chini, kwamba nakubali kitu kingine kiwekwe chini yako bila msumari. Mara ya pili. Na sahihi, ili kikitoka ijulikane ni nani alikubali. Unaniona mjinga wa ng'ombe. Sawa, niite hivyo.

Ile ya kwanza hakuna aliyeniuliza niweke sahihi. Hii wameniuliza. Nimesema hapana.

Usiniandikie kwamba sikupendi. Hiyo ni maneno ya redio.

H.K.

*

Kajiado, chumba cha wagonjwa
13 Julai 2025

Kwa Baba,

Natumaini u mzima. Mimi nimekula.

Nimesoma barua yako mara nne, na nimekasirika mara nne, kila mara kwa sababu tofauti. Kwanza kwa sababu ungeniambia hayo mwezi wa Mei. Ningepata majibu mwezi wa Mei.

Metron alinikubalia nimpigie Daktari Wathome. Nilimuuliza kama wewe ungeuliza: kinashikiliwa na nini? Niliona haya, sauti ilinitoka kidogo, akaniambia nirudie.

Anachimba shimo upya liwe la mviringo safi, kisha kiunzi kinachongwa kikiwa kikubwa kuliko shimo kwa unene wa unywele. Kinaingia kwa kubanwa, kama kizibo cha mtungi. Damu inapanda kutoka kwenye mfupa, inaganda ndani ya vitundu vyake. Msumari ungekipasua. Sponji haipigiliwi, wewe unajua hata mbao nyingine hazitaki.

Nikamuuliza, na kinaweza kutoka? Akasema kinaweza, mgonjwa akikanyaga mapema. Majuma ya kwanza hakijabeba chochote, ni laini kama saruji ya jana. Kinachokishikilia wakati huo ni mgonjwa mwenyewe kutokanyaga. Majuma sita, karibu saba. Magongo mchana, magongo kwenda chooni, hata nikiwa na usingizi.

Kwa hivyo usiseme hakina msumari. Msumari ni mimi.

Na sasa najua hicho ndicho unachoogopa. Si ng'ombe. Unaogopa kwamba kitashikiliwa na mtu aliyeambiwa asipande akapanda. Sema hivyo basi. Sema hunisadiki. Nitaumia, lakini itakuwa kweli, na nitajua ninagombana na nini.

Mimi pia sikusadiki, kama unataka kujua. Kila nikiona ubao sasa natafuta matundu.

Fomu ya pili iko ndani. Usiitupe, imebaki hiyo tu. Ile ya tatu nilidanganya.

Nduta

*

Kitengela
20 Julai 2025

Nduta,

Hapa ni salama.

Ulivyoandika ndivyo. Hicho ndicho naogopa. Sikusadiki.

Nilimpigia huyo daktari mwenyewe, kwa sababu maneno ya mtu wa tatu siyajengei. Nilimuuliza jambo moja: hiyo skafoldi inashushwa lini? Akasema haishushwi. Akasema mfupa ukipanda, yenyewe inapungua, mpaka siku moja hakuna anayeweza kuonyesha ilikuwa wapi. Nikamwambia huo ni mjengo wa ajabu. Akacheka. Sikucheka.

Fomu nimeweka sahihi. Iko na Isaac, nimemwambia akiipoteza asilete mchanga kwangu tena.

Hii ni masharti na sitaki majibu. Hutakanyaga. Hutajaribu kuona kama umepona. Hutajifanya shujaa mbele ya wasichana. Ukitaka kitu cha juu, utaita mtu. Najua huna kawaida ya kuita mtu, unaona haya hata kuomba chumvi. Utajifunza. Ukikanyaga kabla ya siku, usinitafute, tafuta baba mwingine mwenye moyo wa kusikia ubao mara mbili.

Hiram Kiama

*

Kitengela, chumba changu
24 Agosti 2025

Kwa Baba,

Salamu kutoka upande wa pili wa ukuta. Natumaini umelala vizuri, nilikusikia ukikoroma.

Ninakuandikia ndani ya nyumba moja kwa sababu tangu nitoke hospitalini umeniambia maneno mawili tu, "kula" na "usikanyage", na mimi nikifungua mdomo unatoka kwenda saiti. Nitapitisha barua hii chini ya mlango. Nitafika mlangoni kwa magongo, usiruke.

Nina malalamiko. Nilipoamka jana nilikuta umekata miguu ya kabati la vitabu. Kabati la Mama! Kwa msumeno! Sasa limekaa chini kama kuku anayelalia mayai. Najua ulitaka nifikie vitabu nikiwa nimeketi. Ungeuliza. Na vile vyuma ulivyofunga bafuni vya kushikilia, Shangazi anasema vinaweza kubeba fahali. Nimevihesabia misumari. Baba, kuna misumari kumi na minane kwa chuma kimoja. Nani huyo unafikiri anakuja kuoga?

Bado nina hasira kwa kabati. Usifikiri nimeacha.

Sijakanyaga.

Nduta

*

Kajiado
Jumapili, 21 Septemba 2025

Kwa Baba,

Natumaini u mzima. Hukujibu ile ya chini ya mlango, na siku ya kunirudisha shuleni ulizungumza na Lemein njia nzima ya kutoka getini hadi bwenini, ukaniaga kwa kupungia begi langu. Sawa.

Nakujulisha tu. Alhamisi tarehe ishirini na tano ni kliniki. Picha ya mwisho ilionyesha tabaka ya chini imeanza kuwa nyeupe kingoni. Huo ni mfupa unaingia. Gegedu itachelewa, labda mwaka mzima, na Daktari Wathome hasemi imepona, anasema inajenga. Lakini Alhamisi nitashikwa mikono nikanyage, nusu ya uzito, kwa mara ya kwanza.

Shangazi Phylis atanipeleka. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka pia ni sawa.

Nikikuona getini nitatoka. Hilo naliandika ili lijulikane.

Binti yako,
Nduta

*

Kitengela
23 Septemba 2025

Kwa Maitu,

Habari ya huko? Nimekuita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuita tangu uzaliwe, ni "mama" kwa Kikuyu, kwa sababu uko na jina la mama yangu, na sijui kwa nini niliacha. Lilinikwama mahali.

Hapa ni salama. Slabu ya juu imemwagwa. Ouko anakusalimia, na ananisema vibaya nikiwa nasikia.

Ndani ya bahasha kuna misumari iliyopinda. Isaac alidhani ni vyuma vya kuuza. Ni ya juma hili. Saiti yangu sasa kila ubao unapigiliwa, hata wa kuhama kesho, na kesho unang'olewa, na kesho kutwa unapigiliwa tena. Vijana wananicheka. Ouko alisema, "Mzee, si ufungue duka la misumari tu tuache kujenga." Nikamwambia apigilie na anyamaze. Mbao zimepasuka mbili. Tumechelewa, na mwenye nyumba anapiga simu kila siku. Apige.

Kabati nitalirudishia miguu ukiweza kusimama mbele yake. Nimeiweka, sikuichoma.

Alhamisi ningekuja hata usingeniita, lakini ni vizuri umeniita. Nitatoka hapa mapema, ila ukiniona nimechelewa ujue ni foleni ya pale kwa mzunguko, si mambo mengine. Mwambie Phylis angoje. Mwambie na huyo daktari angoje.

Usikanyage kabla sijafika.

Babako